Grili ya Kumtoa Kobe

Wambui mami,

Usishtuke kuona mkono wangu. Ni mimi, hakuna mtu amenilazimisha. Mama yako ako jikoni anakupikia chapati za safari na anakuhubiria kupitia mlango mambo ya sweta, dawa ya malaria na chaja, kwa hivyo hiyo upande imeshughulikiwa. Mimi nimekaa hapa nje kwa meza ya vyuma, na hii karatasi ni kalenda ya mwaka jana nimeigeuza nyuma. Unajua nilisoma hadi darasa la tatu, na hiyo ya tatu nilikuwa nimekaa karibu na dirisha. Ukiona makosa, ni ya kalamu.

Kesho unaenda baharini. Mtoto wa Kiganjo, Thika! Mtu alikuwa akioshwa kichwa analia mpaka majirani wanakuja kuuliza nani amechomeka. Tangu asubuhi nimejaribu kukuongelesha vizuri kama mzazi, na kila nikifungua mdomo inatoka mzaha. Ukanicheka, ukaenda kufunga begi. Ndio nikasema wacha niandike, kwa sababu kuandika ni kazi ngumu na mtu hawezi chokoza sana akiwa anatafuta vile "shughulikiwa" inaandikwa.

Wacha nianze na kobe. Najua umeisikia tangu ukiwa mgongoni kwa mama yako, lakini nataka kuisema mara moja zaidi, vile nilikuwa naisema.

Nilikuwa kijana, turniboi, utingo wa lori ya mananasi, na kuweldi nilikuwa nimejifunza nikirekebisha hiyo lori. Tukafika Mombasa, injini ikakufa, dereva akaniambia nitafute pa kulala. Huko bandarini nikasikia kuna meli ya kuvua kamba, wale kamba wa kuliwa, winchi yake imekatika na wanatafuta mtu wa kuweldi. Nikaenda. Kaptena akaniangalia juu mpaka chini. "Umewahi fanya kazi majini?" Nikamwambia mimi nimekulia majini. Na sikudanganya! Thika iko na mito mbili na nilikuwa naoga kwa zote.

Hiyo winchi niliiweldi ikawa nzuri kuliko siku ilitoka kiwandani. Kaptena akasema, sasa hii ikikatika tukiwa huko ndani nitaita nani? Panda. Nikapanda. Mami, nilitapika mpaka mananasi ya mwaka ule mwingine. Kulikuwa na baharia wa pwani anaitwa Kombo, mtu mzima, mkono kama mzizi, akaja akanisimamia hapo nimeshikilia chuma.

"Bwana we, ulisema umekulia maji gani? Ya kisima?"

Hiyo meli ilikuwa inakokota wavu chini kabisa kwa mchanga, masaa mengi, halafu winchi inauvuta juu na mzigo unamwagwa kwa deki. Siku moja tukamwaga, na katikati ya hiyo mlima ya kamba na samaki na matope nikaona kitu kama karai imefunikwa. Nikapiga nduru, "Kobe!" Kombo akasema, "Kasa, bwana. Kobe ndiye yule wa kwenu, anakula mboga." Mimi nimezoea kobe, nitaendelea na kobe.

Alikuwa amelegea. Shingo imelala hivi, macho nusu. Sasa mtu wa bara anajua nini? Anajua kitu moja: samaki akitoka kwa maji, mrudishe kwa maji, na haraka. Watu wote wamesimama wanachagua kamba, ni mimi peke yangu mwenye roho! Nikambeba, mzito kama gunia ya simiti, nikaenda naye mpaka ukingoni, nikamrusha. Nikaita, "Rudi nyumbani, baba!" Akaenda chini polepole. Nikapiga makofi. Kombo akakuja akasimama kando yangu, akaangalia pale maji, akasema, "Haya. Umemzika."

Nikacheka sana. Nilifikiria ni utani wa pwani.

Hiyo hadithi nimeila maisha yangu yote. Nimeisema kwa jua kali na mafundi wenzangu, kwa harusi, kwa harambee ya kanisa, na hata siku ile nilienda kuomba mama yako. Na huyo kobe alikuwa anakua, si unajua. Ukiwa nasari alikuwa kama karai. Ukiingia sekondari alikuwa kama pikapi, na kabla azame alikuwa anageuka kunipungia mkono. Ukamaliza shule ukajaza kozi ya mambo ya bahari, watu wakauliza, huyu wa Thika anataka nini na bahari, hata samaki hali? Ukawajibu, "Ni kobe ya Baba." Nilitembea Kiganjo hiyo wiki kifua mbele, mama yako akaniuliza kama nimemeza ubao.

Halafu ile Krismasi. Umetoka kule Kahawa Sukari mlikuwa mmepanga chumba na wenzako wa yunivasiti, mjomba wako Kamau amekuja na watu wake, nyumba imejaa, na mimi nimefika pale kwa kupungiwa mkono. Wote wanacheka. Wewe unaangalia sahani. Nikakuchokoza. "Muoneni daktari wa samaki! Haamini!"

"Baba, wacha tu."

"Niwache nini? Sema!"

Uliinuka ukaniambia nikusaidie kuangalia kitu huko nje, na tukasimama pale kwa geti yetu, hii inalia. Najua ulifanya hivyo ndio usiniaibishe mbele ya Kamau, kwa sababu Kamau angekula hiyo maneno miaka mingi. Ukaniambia polepole, kama mtu anatoa mwiba.

"Baba, kasa anapumua hewa kama sisi. Wavu ukimshika huko chini hawezi panda kupumua. Akitolewa amelegea, mara nyingi hajafa. Amezimia. Unamweka kwa kivuli, unamlowesha kitambaa, unainua upande wa nyuma kidogo ndio maji itoke kwa mapafu, unangoja. Anaweza amka. Lakini ukimrudisha majini akiwa vile..."

Nikamalizia mimi. "Anazama."

"Eeh."

"Kobe anazama, Wambui?"

"Eeh, Baba."

Nikakuuliza umejua tangu lini. Ukasema tangu mwaka wa pili. Hiyo yote ukinisikiza nikisema, na ukicheka pale pa kucheka.

Ngai! Mami, nikwambie kitu iliniuma. Kobe iliniuma, sikatai. Lakini zaidi ni vile Kombo aliniambia. Aliniambia hapo hapo, na bado meli ilikuwa imesimama, na pengine kungetokea mwingine kesho yake nikamuuliza, "Mzee, sasa anashikwa aje?" Nilikuwa na masikio mbili. Lakini nilikuwa nishaanza kutunga vile nitaenda kuwaambia watu wa Thika. Mimi nilitoka baharini na hadithi, na mtu wa kunifunza alikuwa amesimama hapa, karibu kuliko hii kikombe ya chai.

Hiyo ndio nataka ubebe, na sitairudia. Haya, tuendelee.

Mwaka huu ukaja na kazi. Nilifurahi, halafu ukanieleza ni kazi gani. Kukaa ndani ya meli ya kamba, uangalie kila kitu wavu inaleta, ile walikuwa wanatafuta na ile hawakutafuta. Ukaniambia siku hizi wavu zinafaa kuwekwa grili ndani, kamba wapite katikati ya vyuma waende kwa mfuko wa mwisho, na kobe akigonga hiyo grili ateleze mpaka kwa kilango, atoke nje akapumue. Lakini kwa hiyo meli yako grili yao ni nzito, imepindika, na mabaharia wanafunga kilango na kamba ya kufunga kwa sababu wanasema mzigo wao unamwagikia hapo. Mwenye meli amekubali mjaribu ingine, msimu huu peke yake. Ikimpotezea kamba, inatolewa, na wewe hakuna mtu huko atakusikiza tena.

Ukaniuliza, "Baba, unaweza weldi kitu kama hiyo?"

Kuniuliza mimi kama naweza weldi ni kuuliza kuku kama anaweza dona! Nani aliweka grili za dirisha nusu ya mtaa wa Mwiki? Mwizi akifika Mwiki akiona mkono wangu kwa dirisha anaenda kutafuta kazi ya halali. Ulikuwa umenichorea. Nikakwambia wachana na michoro, rudi jioni.

Ukarudi jioni. Mami, ile grili ilikuwa nzuri. Vyuma za flati, zile bapa nzito, zimekazana, maua kila kona, na hapo katikati nilikuwa nimekuwekea kobe amekunjwa na chuma, anacheka. Ukaizunguka. Ukaishika ukajaribu kuinua upande mmoja, ikakataa.

"Baba, hii ni ya kuzuia mwizi."

"Na kobe si ameingia bila kubisha?"

Hukucheka. Mama yako mpaka leo anasema niliifanya nzito hivyo makusudi, ndio safari ikawie. Mama yako anaongea sana.

Ndio ukasema, "Baba, kumbuka Mwiki."

Wewe ulikuwa mdogo lakini unaijua. Ile ploti niliwekea madirisha yote, kazi safi, vyuma zimeingia kwa ukuta kabisa. Jiko ikaanguka kwa nyumba moja, moshi ikajaa, moto iko upande wa mlango. Mama mmoja na watoto wake wakakimbilia dirisha, na dirisha ni mimi. Grili yangu haikutikisika. Majirani waliivunja na nyundo na mtaimbo mpaka ukuta ukaachilia. Walitoka wote, Mungu ni mkubwa, wamekuwa weusi kama sufuria. Kesho yake huyo mama akakuja hapa kwa kazi. Nilifikiria ananipiga. Akasimama pale mlangoni, sauti imekauka na moshi, akasema, "Fundi, ulitukinga na wezi. Sasa nani atatukinga na wewe?"

Nilibeba genereta na grainda ya kukata chuma, nikarudi Mwiki dirisha kwa dirisha nikiweka kilango ya kufungulia ndani. Tangu hiyo siku sijawahi weka grili ya chumba cha kulala bila hiyo kilango, hata mwenye nyumba akisema ni hasara. Maisha yangu yote nimejua kuzuia mtu asiingie. Kutoa aliyeingia nilifunzwa na mama mwenye macho mekundu.

Kwa hivyo uliposema Mwiki, nikachukua grainda. Nikakata ile maua. Yule kobe anacheka nilimkata mwisho, sikatai iliniuma.

Ya pili tuliifanya pamoja, na nikaangalia mchoro. Vyuma za duara, laini, hakuna mahali pa kukwaruza. Nyepesi. Imelala nyuma kama mtu kwa kiti ya kinyozi, kilango iko chini na pazia ya wavu imefunika. Ulikuwa unapima na mimi naweldi, na uliniambia mara mingi, "Baba, si hapo," na mara mingi ulikuwa na haki. Zingine nilikuwa na haki mimi. Andika hiyo kwa ripoti yako.

Halafu kuijaribu. Kiganjo hakuna bahari, mvua ikinyesha tunakaribia tu. Tukaifunga ndani ya mfuko wa wavu, tukainua upande mmoja juu ya ngazi, barabara yetu si inateremka. Kamba ikawa ni mahindi na maharagwe, ndoo nzima. Kobe ikawa ni karai ya kufulia. Watu wakaanza kusimama.

"Fundi, sasa unavua Kiganjo?"

"Navua wajinga. Simama hapo karibu."

Mama yako akatoka akaona ndoo. "Hiyo ni githeri ya kesho! Mtaiokota moja moja, nyinyi wawili na digrii yenu!"

Tukamwaga. Aki, mami, hebu kumbuka. Mahindi na maharagwe zikaenda shwaaa, zikapita kwa vyuma zote, zikajaa kule mwisho. Karai ikaja nyuma, ikagonga grili, nikafunga macho. Nikasikia ikikwaruza. Nikasikia watu wakisema "Eeee!" Nikafungua, nikaipata iko nje, imepita chini ya pazia, inazunguka barabarani peke yake ikiteremka, mpaka ikafika kwa mguu wa yule mtu hushona viatu hapo chini. Wewe unaruka. Mtoto wa yunivasiti, mikono juu, unaruka kama siku nilikununulia baiskeli.

Yule wa viatu akaishika. "Sasa hii ni nini?"

Ukamwambia, "Huyo ni kasa."

Akaigeuza, akaangalia chini, akaangalia juu. "Ni mzima?"

"Ni mzima!"

Akaiweka chini polepole, na mkono mbili. Hiyo nimeikumbuka kila siku.

Jioni tukiokota maharagwe uliniambia ukweli: maharagwe si kamba, na barabara si bahari. Najua. Bahari inasukuma kila upande, ina takataka, ina vitu inakwama kwa kilango. Pengine siku ya kwanza mzigo utapungua na kaptena atakuangalia vibaya. Pengine usiku ukilala watafunga kilango. Kwa hivyo wacha nikuambie watu wa meli, kwa sababu hiyo peke yake najua kukuliko.

Hao si watu wabaya. Kwa meli yetu hakuna mtu aliamka asubuhi akasema leo nataka kobe. Hakuna mtu alikuwa anamtaka hata kidogo, alikuwa anawaharibia wavu na kuponda kamba. Wavu haina macho, inabeba kila kitu iko mbele. Sasa wewe ukiingia huko kama polisi, na kalamu sikioni, watakuonyesha kile polisi huonyeshwa. Ingia kama mtu anatapika. Utatapika, ni damu yetu. Tapika mbele yao, wakucheke, wakupatie ndimu. Ukipata nafuu chagua kamba na wao mpaka vidole viume. Wakati wavu inapandishwa, usiseme grili ni yako. Waambie ni ya fundi mmoja wa Thika anajisifu sana, na wanaweza mtukana vile wanataka. Watafurahi kunitukana, na wakinitukana watakuwa wanaiangalia. Mtu wa meli akiangalia kitu siku mingi anaanza kuirekebisha. Atasema, hapa ingekuwa hivi. Mami, siku hiyo ukiisikia, nyamaza! Mpatie spana.

Na kuna Kombo wako huko. Sijui jina yake. Atasema kitu mara moja, kando yako, kama anaongea na maji. Usicheke kama mimi. Muulize.

Kama wataitoa, irudi nyumbani. Nitaipokea kwa lori ya mananasi, zile bado huenda Mombasa, ikirudi Thika, tutaangalia imepindika wapi, tutaweldi ingine, na mama yako ataficha maharagwe. Hakuna aibu hapo. Mimi nilitoka huko nimemzika kobe na nikijisifu, na bado mtoto wangu anarudi na grili. Hiyo si hasara, hata Kamau nimemwambia.

Kuna moja pekee nakuomba. Hadithi yangu ya zamani nimeiwacha. Wiki iliyopita kwa harambee waliniita mbele niiseme, nikawaambia kobe amepumzika, ngojeni. Walifikiria ni mgonjwa. Sasa niko mzee bila hadithi, na unajua hiyo ni hatari kwa mama yako. Kwa hivyo siku utaona mmoja akigonga, akiteleza, akitoka kwa kilango, au utaketi na mmoja kwa kivuli na kitambaa mpaka ainue shingo, usinitumie picha wala ripoti, sitaelewa. Nipigie. Sema tu "Ni mzima." Nitajua. Na nikienda kuwaambia watu sitasema nilikuwa hapo. Nitasema ni Wambui. Nitaongeza kidogo tu kwa ukubwa wake.

Unaitwa jina ya mama yangu. Ndio nakuita mami, na mtu hawezi kataza mama yake kutoka. Nilijaribu na vyuma za flati, ikashindikana.

Sasa hii geti. Miaka yote mmenicheka, fundi mzima geti yake inalia kama mbuzi. Mama yako amenunua grisi mara ngapi, ikapotea. Grisi niko nayo, mami, mikebe yote iko chini ya hii meza. Sikuwahi ipaka kwa sababu ulikuwa unakuja usiku, na nikisikia imelia mara mbili, kufunguliwa na kufungwa, nilikuwa najua umeingia, nageuka ukutani nalala.

Leo nimekaa nikiiangalia, nikafikiria kuipaka ndio utoke polepole usiamshe mtu. Nimewacha. Asubuhi ifungue mwenyewe, kwa nguvu, ilie vile inataka. Nitakuwa nimelala, ama nitajifanya. Na siku utarudi na chumvi kwa nywele, hata kama ni usiku wa manane, usibishe na usipige simu. Fungua tu. Nitakusikia.

Baba yako,
yule wa mito mbili.